Seline na Shimo la Oyugi

Dada yangu Seline hajui kupiga kelele. Kelele zote za nyumba yetu nilipewa mimi. Yeye ni fundi wa nguo katika soko la Pap Onditi, anashona sare za shule na mavazi ya kwaya, na mteja akimletea kitambaa alichokikata vibaya mwenyewe, Seline atakipokea, atakigeuza, atatafuta namna ya kukiokoa bila kusema neno. Mimi nina saluni Nyamasaria, na wateja wangu wanajua kwamba nikikasirika nywele zao zinavutwa. Kwa hiyo ukisoma haya ukaona nimewaka, usimlaumu yeye. Hasira ni yangu, na sioni sababu ya kuizima.

Aliolewa Nyakach na Dalmas, mtu mrefu aliyetengeneza baiskeli na kucheka peke yake kama amekumbuka jambo. Hawakujaliwa mtoto. Dalmas hakumsimanga hata mara moja, wala hakuleta mke mwingine, na ndugu zake walilizungumza hilo kana kwamba ni ugonjwa. Figo zilipomuua, walimzika panapozikwa mwenye mji, yaani mwenye boma, mbele ya nyumba yake, upande wa kulia ukitoka mlangoni. Seline alisakafia kaburi kwa saruji na kuandika jina mwenyewe kwa msumari saruji ikiwa mbichi. Kila Jumapili akitoka kanisani huketi pale na kikombe cha chai. Halii. Anampasha Dalmas habari za soko, nani ameoa, nani amekimbia na kitambaa cha nani.

Lazima uelewe kaburi lile ni nini kwake. Mwanamke wa kwetu akishaolewa, kwao si kwao tena, na akifiwa bila mtoto kuna midomo mingi ya kumuuliza bado anafanya nini pale. Seline hakuwa na mtoto wa kumwonyesha mtu. Alikuwa na kaburi. Kaburi ndilo lililosema kwamba aliolewa, aliishi, na siku yake ikifika naye atalazwa palepale, upande wa kushoto.

Sasa nikuletee Oyugi, na nitajitahidi kuandika jina lake bila kutema mate. Oyugi ni jirani. Kati ya shamba lake na mji wa Seline kulikuwa na safu ya mkonge iliyopandwa na wazee wao, na hakuna aliyewahi kubishana kuhusu mkonge ule. Alifanya kazi mjini miaka mingi, akarudi na pikapu, akapewa kiti cha mbele kanisani. Halafu akagundua kwamba chini ya udongo wake kuna mchanga mzuri, ule ulioachwa na mto zamani kabla haujahama. Malori yakaanza kuja. Kila ghorofa inayoota Kisumu, jua kuna shamba la mtu mahali fulani limepungua.

Alichimba kwake. Hilo alilirudia mpaka likawa wimbo: nachimba kwangu. Alichimba hadi karibu na mkonge na kwenda chini mpaka vichwa vya vijana wa sepetu visionekane. Hakuvuka mkonge hata kidogo. Ila udongo haujui kusoma mpaka. Mvua ndogo za mwisho wa mwaka zilipokuja, ukuta wa shimo ulimeguka upande wa Seline, na mkonge wote ukaporomoka ndani, mizizi juu. Jiko lake la nje likafuata. Asubuhi moja aliamka akakuta shimo liko umbali mdogo tu kutoka miguuni pa Dalmas.

Akaenda kwa Oyugi kumwomba asimamishe malori. Oyugi alimpa kiti, akamwagizia soda, akamwambia bila kupepesa macho kwamba mpaka ni pale ardhi inapoishia.

"Lakini mkonge ilikuwa hapa, Baba," Seline alimwambia.

"Mkonge iko wapi? Nionyeshe hiyo mkonge."

Alikuwa ameshauchoma.

Aliponipigia simu nilifunga saluni na mteja akiwa na nusu ya kichwa imesukwa. Tulianza kwa polisi, kwa sababu mimi nilijua moyoni kwamba huu ni wizi na mwizi hupelekwa polisi. Askari wa zamu alikuwa kijana mpole, na upole wake ulinikera zaidi.

"Mama, huyo jamaa ameingia kwa shamba yako?" alimuuliza Seline.

"Hapana."

"Amekutisha? Amekugonga?"

"Hapana. Ameangusha jiko yangu."

"Kwa kuchimba kwake?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo ni mambo ya civil, mama. Sisi hatuwezi kushika mtu kwa maneno ya civil. Enda kortini umshtaki."

Nilimuuliza kama lazima kwanza mtu afukiwe ndiyo washike kalamu. Akaniambia niheshimu ofisi. Seline alinivuta mkono tukatoka, mimi bado natukana, tena kwa Dholuo ili nitukane vizuri.

Chifu alikuwa na dawa moja tu ya kila ugonjwa: mkae chini muongee kama majirani. Tulikaa. Oyugi aliongea, chifu akaongea, mwenyekiti wa kijiji akaongea, Seline alipofungua mdomo ikawa saa ya chakula. Malori hayakusimama hata wakati wa kikao, tuliyasikia yakishuka mlima.

Ndipo nikampeleka kwa wakili. Bi Rehma Abeid ana ofisi ndogo juu ya duka la mabati mjini Kisumu, mwanamke aliyezaliwa hapahapa mjini, baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na hapo ndipo Seline alipomfahamu. Hana maneno mengi ya kubembeleza. Alimsikiliza Seline mpaka mwisho bila kuandika, kisha akatueleza kwa namna ambayo hata mimi niliyeacha shule mapema niliielewa.

"Kuna milango miwili," alisema. "Mlango wa kwanza, serikali inamshtaki mtu kwa sababu amevunja sheria, na akipatikana na hatia anaadhibiwa. Huo ni wa jinai. Mlango wa pili ni wa madai. Hapo serikali haiko na wewe. Ni wewe na yeye. Wewe unasema amekudhuru, unathibitisha mwenyewe, na unaiomba korti imlazimishe arekebishe, alipe fidia, au aache."

"Na mimi nataka aache," Seline alisema. "Fidia akae nayo."

"Sawa. Hiyo inaitwa amri ya zuio. Na una msingi. Mtu ana haki kutumia ardhi yake, lakini ardhi ya jirani imeegemea yake. Hawezi kuondoa ile egemeo halafu aseme alikuwa kwake."

Nilitaka kumkumbatia. Kwa mara ya kwanza mtu mwenye vyeti ukutani alikuwa amesema kile kitu nilichokijua tumboni. Halafu akauliza swali lililotuangusha.

"Hati ya shamba iko kwa jina la nani?"

Ilikuwa kwa jina la Mzee Nyandiga, baba mkwe wa Seline, aliyekufa kabla hata Seline hajaolewa.

Bi Rehma alivua miwani. "Basi Mzee Nyandiga ndiye ana haki ya kushtaki. Na Mzee Nyandiga hawezi kupanda ngazi za korti. Mama Seline, kwa sheria, leo hii wewe ni mtu anaishi kwa shamba la marehemu. Oyugi atauliza tu, huyu ni nani? Na kesi itatupwa kabla mtu hajataja mchanga."

Hapa niseme kitu kuhusu watu wetu, na nikisema nitachukiwa. Ukitembea kutoka Awasi mpaka ziwani, nusu ya mashamba yana majina ya wafu. Kila mtu anajua wapi anaishia, kuna mkonge, kuna kaburi la babu, kuna njia ya ng'ombe, basi karatasi ni ya nini? Na mama wa mji akiwa bado hai, anayetaja habari ya kugawa shamba anaonekana anamharakisha kaburini. Kwa hiyo hakuna anayetaja. Wanakaa kimya kwa heshima, mwaka baada ya mwaka, mpaka siku anapokuja mtu kama Oyugi, na heshima yote hiyo inageuka kuwa mlango wake wa kuingilia.

Bi Rehma alisema kuna njia. Korti inaweza kumpa mtu wa familia barua ndogo ya usimamizi, ya kuendesha kesi tu kwa niaba ya marehemu, si ya kugawa wala kuuza. Ila ingefaa familia ikubali. Na familia maana yake Okinyi, ndugu wa Dalmas, aliyebaki mwanamume pekee wa mji ule.

Okinyi si mtu mbaya. Nimelazimika kuandika sentensi hiyo kwa sababu Seline atasoma. Lakini ni mtu ambaye wazo likiingia kichwani mwake halipati mlango wa kutokea, na wazo lililokuwa limeingia ni kwamba shemeji yake anataka kujiandikisha shamba lote.

"Yuora," alimwambia Seline, yaani shemeji yangu, kwa sauti ya kumhurumia, "wewe ni mtu wa hapa, hakuna mtu anakufukuza. Lakini jina la mzee hatuwezi kugusa na mama bado anapumua."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na nilimwambia mambo ambayo mgeni hapaswi kuyasema katika mji wa watu. Nilimuuliza kama kaburi la ndugu yake likiingia shimoni atalifuata na taa. Alikuwa anajibu, mimi naongeza, ndipo mama yao akagonga kitanda kwa fimbo kutoka chumba cha ndani. Bikizee yule haoni vizuri tena ila masikio yake ni mazima.

"Mwacheni Seline aandikwe," alisema kwa Dholuo. "Karatasi haijawahi kuniua. Mtoto wangu ndiye yuko ukingoni."

Okinyi akaweka sahihi.

Bi Rehma akafungua kesi. Mdai, Seline Akello, msimamizi wa mirathi ya marehemu Nyandiga. Mdaiwa, Oyugi. Dada yangu aliposoma jina lake limeandikwa hivyo aliniambia hajawahi kuitwa hivyo na mtu yeyote wa ukoo ule. Nikamwambia sasa ataitwa.

Oyugi alipopelekewa hati zile alisimamisha malori kwa muda na kutafuta wakili wake. Kisha akafanya jambo ambalo nikilikumbuka meno yanauma. Siku ya soko, akijua Seline yuko kwenye cherehani, alileta fahali mpaka kwa Okinyi. Fahali mzima, mwekundu, amenona. Akasema amekuja kwa amani, yaliyotokea yametokea, na kama itabidi Dalmas asogezwe kidogo, gharama zote ni zake.

Kwetu, mtu aliyekukosea akija na mnyama, amekiri. Hahitaji kusema zaidi, mnyama ndiye maneno. Okinyi alimwona fahali yule akaona ushindi, akaona Oyugi amepiga magoti mbele ya ukoo. Akaita wazee. Wakachinja, wakala, Oyugi mwenyewe akala nao, akaomba sala ya mwisho. Jioni Seline aliporudi alikuta mifupa na mbwa.

"Amekubali kosa, yuora!" Okinyi alimwambia, midomo bado inang'aa mafuta. "Mbele ya wazee wote!"

Seline alimuuliza kitu kimoja tu: "Alisema Dalmas asogezwe, na nyinyi mkasema nini?"

Okinyi alifikiri. Hawakusema chochote. Walikuwa wanatafuna.

Katika majibu yake kortini, Oyugi alisema kesi imekwisha. Kulikuwa na makubaliano. Yeye alitoa ahadi, kwamba atagharamia kuhamisha kaburi, familia ikakubali ahadi hiyo, na kama ishara ikapokea fahali na kumla. Wakili wake aliandika kwamba mapatano hayahitaji karatasi, yanaweza kufungwa kwa vitendo, na kwamba kwa kukubali kaburi lihamishwe familia imekubali pia kwamba mpaka ni ukingo wa shimo. Aliambatanisha picha. Okinyi anaonekana vizuri kabisa, ameshika mguu wa fahali.

Nilimpigia Okinyi simu nikamsomea. Upande wa pili nikasikia mtu mzima analia. Sikumwonea huruma. Nilimwambia alie vizuri, atapata nguvu ya kutoa ushahidi.

Kumbe Bi Rehma hakutishika hata kidogo. Siku ya kusikizwa alisimama na kusema maneno machache ambayo ningelipa kiingilio kuyasikia tena. Mapatano, alisema, lazima yafungwe na mtu mwenye uwezo wa kuyafunga. Shamba ni la marehemu Nyandiga. Mwenye mamlaka ya kumsemea marehemu ni mmoja tu, na korti hii ndiyo iliyompa, naye ni Seline, na Seline hakuwepo, hakukubali, hakula. Okinyi hawezi kutoa kwa mlo kitu ambacho hakuwa nacho mkononi. Na zaidi ya hayo, watu wa kwetu hawaziki mtu wao katika shamba la jirani. Kama Dalmas amelala pale, basi pale ni kwao, na mkonge ulikuwa mbele yake, na wazee waliokula nyama wako tayari kuapa ulikuwa wapi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema suala la mpaka ni zito, linahitaji mashahidi na mpimaji, na litasikizwa mwezi wa saba. Kwa sasa alitoa amri: pande zote mbili zisiguse sehemu inayozozaniwa. Hali ibaki ilivyo mpaka kesi iamuliwe.

Tulitoka tukiimba. Nilimnunulia Seline samaki mzima ufuoni, tukala kwa mikono mpaka mifupa ikawa safi, na akacheka kwa mara ya kwanza tangu jiko lianguke. Malori hayangerudi. Hatukuwa tumeelewa sehemu ya pili ya amri, ile ya pande zote mbili.

Oyugi aliielewa. Oyugi aliitii amri ile kuliko alivyowahi kutii Amri Kumi. Hakugusa hata kijiwe. Aliweka mikono mfukoni, akakaa barazani kwake, akangoja mvua ndefu.

Zilipoanza, ufa ulitokea katika uwanja wa Seline, mwembamba, kutoka pembe ya nyumba hadi kwenye saruji ya kaburi. Kila ikinyesha ulipanuka. Seline alimpigia Bi Rehma akauliza kama anaweza kuweka mawe chini ya ukingo. Bi Rehma akamjibu kwa sauti iliyochoka kwamba asiguse. Amri inamfunga yeye sawasawa na Oyugi. Akipanga mawe, lazima aanzie chini, na chini ni ndani ya shimo la Oyugi, na hapo atakuwa amevunja amri na kuingia kwa mtu vilevile. Yeye Bi Rehma angeomba korti ibadilishe amri. Akaomba. Hakimu alikuwa likizo. Akaomba tena, faili ilikuwa imepelekwa mahali ambapo hakuna karani aliyejua. Mvua haikwenda likizo.

Naomba mtu anieleze. Nimeuliza watu wa kanisa, nimeuliza wateja wangu, mmoja wao ni mwalimu. Mtu anachimba, anasimama, halafu korti inasema kila kitu kibaki kilivyo, wakati kila kitu kinaanguka. Kuuambia udongo ubaki ulivyo! Na aliyesababisha anaheshimiwa kwa kukaa mikono mitupu, na anayetaka kuzuia ndiye anaonywa. Sijapata jibu ambalo halikunifanya nivunje kitu.

Seline hakuvunja kitu. Alivumilia mpaka kipande cha saruji, kile cha pembeni chenye herufi ya mwisho ya jina, kilipokatika na kushuka. Alinipigia asubuhi hiyo.

"Maryanne, nimeanza," aliniambia.

"Umeanza nini?"

"Mawe."

Nilipofika alikuwa ndani ya shimo, gauni limefungwa kiunoni, matope mpaka mapajani, na wanawake wa soko wamepanga mstari kutoka barabarani. Wauza nyanya, wauza dagaa wa omena, mama wa chapati. Boda boda walishusha mawe kutoka upande wa Nyabondo bila kuitisha kitu. Seline alipanga jiwe kwa jiwe kwa uangalifu uleule anaopangia mikunjo ya sketi, kubwa chini, dogo juu, magunia ya mchanga kati. Okinyi alikuwepo pia, anabeba, hasemi na mtu. Juu barazani Oyugi alisimama na simu yake, anapiga picha. Nilimpungia mkono. Niliunyoosha na kidole kimoja ambacho mtu wa kanisa hapaswi kukijua.

Upande wa kichwa cha kaburi ulikwisha siku hiyo. Upande wa miguu ulifika nusu, giza likaingia.

Hakimu ambaye hakuweza kupatikana kuokoa kaburi alipatikana haraka sana kuisikiliza picha ya Oyugi. Ombi lilikuwa fupi: mdai amekaidi amri ya mahakama kwa makusudi, aadhibiwe. Tulikaa kwenye benchi, mimi, Okinyi na wanawake watano wa soko waliofunga vibanda. Bi Rehma alieleza kuhusu mvua, kuhusu faili, kuhusu barua alizoandika. Hakimu alimsikiliza kwa heshima. Kisha akamwambia Seline asimame.

"Ulikuwa unajua kuna amri?"

"Nilijua, Bwana Hakimu."

"Ulielewa ilikuwa inasema nini?"

"Ilisema hali ikae vile ilikuwa."

"Sasa kwa nini uliivunja?"

Seline alishika ukingo wa kizimba. Sauti yake haikupanda.

"Mimi sijavunja. Kaburi ilikuwa inaenda. Mimi nimefanya ikae vile ilikuwa. Huyu," akamwonyesha Oyugi, "amekaa tu akiangalia ikienda. Sasa Bwana Hakimu, kati yetu ni nani amevunja?"

Nilisikia mtu nyuma yangu akisema "yawa" taratibu, yaani jamani. Hakimu aliangalia karatasi zake. Aliziangalia muda mrefu kuliko karatasi zinavyohitaji, na mimi nikaanza kuamini. Kisha akasema anaelewa uchungu wa mama, lakini amri ya korti hutiiwa kwanza na kulalamikiwa baadaye, la sivyo kila mtu atajichukulia sheria mikononi. Alisema hataki kumfunga mjane. Akiomba msamaha na kuahidi kuondoa mawe yale wiki hii, arudi nyumbani kwa amani. Akikataa, itakuwa kifungo cha madai, kile cha anayekaidi amri, mwezi mmoja.

"Utaomba msamaha, mama?"

"Naomba msamaha kwa korti," Seline alisema. "Kwa moyo wote."

"Na mawe utaondoa?"

"Hapana."

Bi Rehma alimsogelea, akamnong'oneza. Seline alitikisa kichwa. Hakimu aliuliza tena, kwa upole, kama mtu anayemsihi mtoto ale. Jibu likawa lilelile. Basi akaandika, na askari akaja.

Mimi nilikuwa nimesimama, nalia na kutukana kwa pamoja, na karani ananiambia nikae ama nitaondolewa. Seline alivua saa, akavua herini zake ndogo, akaniwekea mkononi na kuufunga mkono wangu kwa wake. Kucha zake bado zilikuwa na matope. Hakuniambia nimwombee, wala nisilie. Alimtafuta Okinyi kwa macho, akaona yuko nyuma sana, akanirudia mimi.

"Mwambie Okinyi aangalie upande wa miguu," alisema. "Huko mawe yamefika nusu tu, na wingu la leo si zuri."

Kisha akageuka akamfuata askari.